Stata Lazima Ilale Nje

Ukifika kwake na stata mkononi, hakuulizi ni ya gari gani. Wala hakuulizi unatoka wapi na una haraka kiasi gani. Anakutazama viatu, anaitazama stata, halafu anauliza: "Limelala wapi?"

Mara ya kwanza nilidhani huyu mama kachanganyikiwa. Alale mtu, lilale gari? Nikamjibu kwa ujeuri wa madereva wa siku zile, maana tulikuwa tunairingia ile lami mpya ya kwenda Zambia utafikiri tumeimwaga sisi. Nikasema, "Gari halilali, mama, gari huegeshwa." Akanirudishia stata yangu mikononi.

"Basi nenda kaliegeshe," akasema, akaendelea kuchambua majani ya maboga.

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Mwisho nikasema gari limelala Makambako, kwenye ule upepo, na asubuhi limegoma, nikasukumwa na watu wazima na watoto wao. Ndipo akaweka majani pembeni, akanawa, akanyoosha mkono. "Unaona? Kumbe linalala."

Iringa nzima ilimwita Mama Fundi. Mwanzoni jina hilo lilimaanisha mke wa fundi, maana mumewe ndiye aliyekuwa na meza ya kutengeneza stata na dainamo. Sijui alizaliwa wapi hasa, sikuuliza, na mimi si karani wa sensa. Salamu yake tu ilitosha kukuonyesha kwamba kwao ni upande wa Mbeya na kwamba Iringa aliletwa na ndoa. Mimi nilikuwa dereva wa lori la mazao, Iringa na Mbeya, Mbeya na Iringa, karibu miaka yote ya sabini. Nikishuka nabeba mpunga wa bonde la Usangu, nikipanda nabeba viazi na mahindi. Lori lenyewe lilikuwa zee, na stata yake ndiyo iliyonifanya nimjue mama huyu kuliko ninavyowajua baadhi ya shangazi zangu.

Meza yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya upenu. Meza ya mninga, nzito, yenye jiliwa la kubania vyuma upande mmoja na upande wa pili misumari ya kutundikia spana. Hapo hapo pembeni palikuwa na jiko lake la mafiga. Sufuria inachemka huku, amecha, ule mhimili wa stata wenye nyaya, imelowa petroli kwenye bati kule, na usidhani atavichanganya. Tulimtania kwamba siku moja atatupikia bushi, zile pete za shaba zinazoshika shafti, pamoja na maharage. Alisema, "Maharage yangu mnayala bila kutafuna, hata bushi hamtaijua."

Namna yake ya kuipima stata sijaiona kwa fundi mwingine. Kwanza haifungui. Anaishika shafti kwa vidole, anaizungusha taratibu, macho kayafumba. Halafu anaitikisa, juu na chini. Ikicheza, anajua bushi zimelika, na bushi zikilika amecha inainama na kwenda kusugua ukuta wa ndani. Kisha ananusa. Waya zilizoungua zina harufu yake, na yeye alikuwa akiisikia kabla hujaufikia mlango. Akimaliza hapo ndipo anafungua, na akifungua atakuita.

"Lete kidole."

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Hakuna dereva aliyekaa kwenye gogo akivuta sigara huku stata yake ikitengenezwa. Unaletwa mezani, kidole chako kinaingizwa kwenye tundu la bushi, unasikia mwenyewe lilivyopanuka. Unaonyeshwa pale mwishoni mwa amecha panapoguswa na kaboni, vile vijiti vyeusi vya kupitisha umeme, palivyokuwa peusi na mifereji. Unapewa msasa laini unasugua hadi shaba ing'ae. Yeye anachukua kipande cha msumeno uliovunjika, anachokonoa uchafu katikati ya vile vipande vya shaba, kimoja kimoja, kama mtu anayemtoa mtoto funza. Bushi mpya, zilizochongwa kwenye karakana ya misheni, alikuwa anaziloweka kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzipigilia. Na kazi ikiisha, kuifunga stata kwenye gari ni juu yako.

"Uliitoa wewe, irudishe wewe," alisema. "Ukikwama porini mimi sitakuwepo."

Wengine walikasirika. Dereva mmoja wa basi alimwambia hakuja shule. Akajibiwa, "Ndiyo maana unarudia darasa."

Ulimi alikuwa nao! Sitaki kumpamba. Alikuwa mkali, mbishi, na akikosea haombi radhi, anakuletea uji. Ukiona kakuletea uji wa ulezi bila kuomba, jua kuna mahali alikuonea. Niliwahi kuletewa uji asubuhi tatu mfululizo na mpaka leo sijui kosa lenyewe lilikuwa nini.

Lakini jambo lililotukera kuliko ulimi ni lile sharti lake la mwisho. Stata imefungwa, umebonyeza, gari limewaka vizuri, unataka kuondoka. Anakuzuia. "Bado. Ilale nje."

Yaani uliache gari hapo uwanjani kwake mpaka kesho yake. Si kwenye mteremko, hapana, kwenye tambarare, ili lisipate pa kukimbilia. Alfajiri, baridi ikiwa bado imeshika bati, anatoka na kitenge begani, anaweka kiganja kwenye boneti na kusalimia kwa lugha ya kwao, "Mwagonile?" Umelalaje. Analisalimia gari, si wewe. Kisha anakuashiria ubonyeze. Likiwaka, analipiga kofi dogo, anasema "Ndaga," ndiyo asante yao, na hapo sasa kazi imekwisha. Kabla ya hapo usimwambie imekwisha, mtagombana.

Ukumbuke Iringa ni mji wa vilima. Madereva wengi tulikuwa hatuna stata kabisa, tukaizoea miteremko. Unaegesha juu, asubuhi unaachia breki, gari linashuka, unaingiza gia, linawaka. Tulikuwa na msemo wetu kwamba mteremko ndio stata ya maskini. Siku moja niliusema mbele yake nikicheka. Hakucheka. Aliweka bisibisi chini.

"Mteremko ndio uliomuua mume wangu," akasema.

Nilijua alikufa kwa ajali ya gari, ila kisa chenyewe ndiyo kwanza nakisikia; akanieleza mara moja tu, na hakurudia tena. Mumewe alikuwa fundi hodari lakini mwepesi wa kuridhika. Alitengeneza stata ya lori moja, likawaka saa nane mchana jua kali, akampa mwenye lori mkono, kazi imekwisha. Kesho yake alfajiri lori likagoma, dereva akaja kumgongea mlango kwa maneno ya kejeli. Mumewe akatoka na aibu yake, akaenda kusaidia kulisukuma kwenye mteremko, utelezi wa umande, akaanguka. Tairi halikujua yeye ni fundi.

"Mchana kila gari ni zima, Dereva," aliniambia. "Usisifie stata iliyoota jua."

Tangu siku ile sikubishana tena kuhusu kulaza gari. Nilinung'unika, lakini nililaza.

Basi sasa nieleze jinsi meza ile ilivyotaka kuondoka.

Matanga ya mumewe yalipomalizwa, ukoo wa mume ulikaa. Nilikuwepo, maana lori langu lilikuwa hapo uwanjani limekufa. Kuna baba mdogo wa marehemu, mzee wa fimbo, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Na kuna mdogo wa marehemu, shemeji yake Mama Fundi, aliyekuwa akiishi Mbeya na kuendesha Land Rover ya kubebea mpunga kule bondeni Usangu. Kwa desturi yao zana za mwanamume hufuata mwanamume. Meza, jiliwa, spana, vyote viende Mbeya kwa mdogo mtu.

Shemeji mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Aliongea kwa upole, kofia mkononi. "Shemeji, sikunyang'anyi. Nitakuwa nakuletea mpunga, hutalala njaa."

"Mpunga nitanunua na mahindi nalima," Mama Fundi akasema. "Meza nimeishika tangu nimeolewa. Nani alikuwa anachonga kaboni humu? Nani alikuwa analoweka bushi? Marehemu alikuwa anafunga na kufungua. Katikati pale ni mimi."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema mwanamke hafungui stata. Mama Fundi akageukia barabarani, akaionyesha ile Land Rover ya shemeji yake iliyoegeshwa juu kabisa ya kilima, jiwe chini ya tairi.

"Shemeji, umekuja na gari linalosukumwa kuchukua zana za stata?"

Watu wakacheka, hata mzee wa fimbo akacheka. Shemeji akakiri stata yake imekufa tangu Chimala. Mama Fundi akaomba apewe hiyo stata, mbele ya wote. Mzee akafikiri, akagonga fimbo chini. "Haya. Akiliwasha gari hili, meza ibaki hapa. Akishindwa, meza iende Mbeya, na asiwepo wa kulia."

Jamani, nilimwona mama yule akifanya kazi asubuhi ile. Hakuharakisha. Alizungusha, alitikisa, alinusa. Bushi ya nyuma ilikuwa imelika upande mmoja, akaitoa na kupigilia nyingine aliyokuwa ameshailoweka. Kaboni zilikuwa zimebaki kama kucha, na kaboni mpya hapakuwa nazo. Mtu mmoja akapendekeza kile kiini cheusi cha betri za redio, kama walivyokuwa wakifanya mafundi wa njiani. "Hicho ni cha kuimba taarabu," akasema, "si cha kuzungusha injini." Alitoa kaboni kubwa za mota ya mashine ya kusaga, akazikata, akaanza kuzisugua kwenye kipande cha kigae mpaka zikateleza kwenye vijumba vyake mle ndani ya stata bila kulegea. Alimwita shemeji yake alete kidole, akaleta. Hata siku ya kuhukumiwa hakuacha utaratibu.

Ikafika alasiri. Shemeji akachukua stata yake akaenda kuifunga mwenyewe, kama sharti lilivyo. Gari likasogezwa tambarare. Akaingia, akabonyeza. Likawaka mara moja, likanguruma sawasawa. Vigelegele! Wanawake waliokuwa jikoni wakatoka na miko. Mzee akainuka, akainua fimbo ili atamke.

"Bado, Baba," Mama Fundi akasema. "Ilale nje."

Ningeweza kumziba mdomo. Kweli kabisa, nilisogea nikamnong'oneza, "Mama Fundi, nyamaza, umeshinda!"

"Nani kashinda?" akanijibu kwa sauti ya wote kusikia. "Hapo jua ndilo lililowasha. Kazi yangu tutaiona kesho."

Mzee akakaa. Akamtazama kama mtu anayetazama kichaa wa heshima. Akasema, "Umetaka mwenyewe, mkwe wangu."

Alfajiri ile ilikuwa ya mwezi wa sita. Wanaoijua Iringa wanajua. Ukungu umekaa mpaka kwenye magoti, ukipumua unatoa moshi. Tukajipanga uwanjani na mablanketi yetu. Mama Fundi akaweka kiganja kwenye boneti. "Mwagonile?" Shemeji akabonyeza.

Stata ikalia wiiii, ikazunguka yenyewe, injini haikutikisika. Akarudia. Wiiii. Mota inazunguka vizuri, lakini ile gia ndogo ya mbele inayopaswa kuruka na kuikamata injini haikuruka. Shemeji alitazama usukani wake, na nilimwona wazi kwamba hakufurahi. Mimi nikaiona meza ikipakiwa, nikamwona mama wa watu akibaki na mafiga matatu.

Mzee akaanza, "Mkwe wangu, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana niliwashe gari, Baba. Hatukukubaliana nisiifungue tena. Shemeji, itoe."

Sauti haikutetemeka. Mikono ndiyo ilitetemeka kidogo, akaificha kwenye kitenge. Stata ikaletwa mezani. Ile shafti ya mbele ina mifereji ya mzunguko kama parafujo, gia ndogo hupanda juu yake. Mama Fundi akapitisha kidole hapo. Akakitazama. Akakinusa. Kisha akakipeleka mpaka puani kwa shemeji yake.

"Hii inanukia ng'ombe."

"Ni samli," shemeji akasema, hana habari. "Nimeipaka kidogo wakati naifunga. Si kawaida?"

Kumbe kule bondeni ndiyo ilikuwa kawaida! Wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini walikuwa na samli tele, na madereva wa kule walizoea kuipaka kila kinachozunguka. Na bondeni inafanya kazi, kwa sababu joto la Usangu halijui kulala, samli inabaki maji maji. Ipandishe Iringa mwezi wa sita, iache nje usiku mmoja. Ilikuwa imeganda kwenye ile mifereji kama nta, gia ndogo imenasa humo haina pa kwenda.

Angeweza kumwambia shemeji yake kwamba amefanya makusudi. Wengi pale wangemwamini. Mimi mwenyewe nilishaanza kukunja mikono ya shati. Yeye akasema tu, "Shemeji, samli tia kwenye ubwabwa. Hapa panataka ukavu." Akaosha mifereji kwa petroli, akapangusa, akaipuliza, akairudisha mikononi mwa shemeji. "Funga. Na mikono yako nioneshe kwanza."

Akaonyesha mikono yake kama mtoto kabla ya kula. Watu wakacheka, na hicho kicheko kilitusaidia sote kupumua. Akafunga, akabonyeza, gari likawaka kwenye baridi ile ile, ukungu ule ule. Mama Fundi akalipiga kofi. "Ndaga."

Mzee hakusimama safari hii. Alisema akiwa amekaa, blanketi kichwani. "Jana nilitaka kukupa meza, ukakataa mwenyewe mpaka uhakikishe. Mtu wa namna hiyo nimnyang'anye, nimpe anayepaka samli? Meza ibaki." Shemeji akaitikia kwamba ni haki. Mama Fundi akaingia ndani, akatoka na koti zito la marehemu, akamvalisha shemeji yake mwenyewe, akamfunga vifungo. Hapo ndipo alipolia. Tukalia wote, na mimi sioni haya kusema.

Tangu hapo jina Mama Fundi likawa na maana nyingine, na aliyelitangaza zaidi ni huyo huyo shemeji. Alikuwa akiwaleta madereva kutoka Mbeya na kuwaambia njiani, "Ukifika kwa shemeji, nawa mikono."

Usidhani kwa hayo yote alikuwa mtu mwenye subira. Ah wapi! Foleni ya duka la ushirika ilimshinda. Maharage aliyaepua mabichi. Ibada ikizidi urefu alikuwa anakohoa mpaka mchungaji aelewe. Subira yote aliyopewa duniani aliimalizia kwenye stata.

Na magari aliyaogopa! Mtu aliyeyaponya magari ya mkoa mzima alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na gunia kichwani. Nilimpakia mara moja tu kwenda Mbeya, alipokwenda kutafuta nyaya za shaba. Alikaa na stata ya mtu mapajani, kaifunga kwa kitenge, mkono mmoja kaushika mlango. Kila tukipishana na tanki la mafuta anafumba macho. Tulipofika Makambako nikasimama ninywe chai, nikataka kuzima injini. Akanishika mkono.

"Usizime."

"Mama Fundi, stata si umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia. Usizime."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hadithi hiyo niliisimulia vijiwe vyote vya madereva kutoka Iringa mpaka mpakani, na nikirudi kwake ananiuliza, "Umenisema tena?" Nikikubali, anasema, "Basi leo uji hakuna."

Alikuwa na binti mmoja, mtu mzima, aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni baada ya ndoa kumshinda. Binti alishika meza pamoja na mama yake miaka yote ile ya baadaye. Alikuwa na mkono mwepesi na tabia ya ukimya. Mama hakuwahi kumsifu, wala kumwita fundi. Akimtaja kwetu alisema "huyu". Mpe huyu. Huyu atakufungulia. Akikosea anarudishwa mwanzo bila maelezo, na binti alirudia bila kujibu. Hakuna aliyemjibu mama yule, sembuse mwanawe.

Miaka ya mwisho ya sabini vitu viliadimika kabisa. Sabuni hakuna, tairi hakuna, kaboni ndiyo usiseme. Mikono ya Mama Fundi nayo ikaanza kutetemeka, safari hii si kwa hofu, na kitenge hakikuweza kuificha. Maneno yakaanza upya kwenye ukoo. Yule mzee wa fimbo alikuwa amekwisha kufariki. Walikuwa wanaulizana chini chini kwamba mama akichoka, meza inakwenda wapi? Huyu binti ni fundi, au ni mpishi wa petroli tu? Mama Fundi aliyasikia yote. Aliniambia, "Meza nilipewa mimi, si yeye. Nikimrithisha kwa sababu ni mwanangu, watamnyang'anya kwa sababu ni mwanangu."

Mara ya mwisho kukutana nao wote wawili mezani ilikuwa mwezi wa sita tena. Nilikuwa na mbegu za viazi za kupeleka Mbeya, na mwenye mzigo alikuwa ananisubiri amechachamaa. Stata yangu ilifia Idodi. Nilifika kwake asubuhi, nikaulizwa limelala wapi, nikajibu vizuri kwa kuwa nilishaelimika. Mama alikuwa kwenye kigoda, blanketi mabegani. Binti ndiye aliyezungusha, akatikisa, akanusa. Ndiye aliyesema, "Mjomba, lete kidole." Mama alitazama tu, hakutia neno, na huo ulikuwa muujiza wa kwanza.

Alasiri nikafunga stata yangu, nikabonyeza, lori likawaka. Jua lilikuwa linawaka kweli kweli. Na Mama Fundi, kwa masikio yangu haya, akasema, "Imekwisha. Dereva, nenda zako."

Nilidhani sijasikia. Nikamtazama. "Niende?"

"Una mzigo, nenda. Nimesema imekwisha."

Sikuuliza mara ya pili. Nilipanda, nikashika gia, moyoni nawaza mwenye viazi. Nikiinua macho naona binti kasimama mbele ya lori, mikono myeusi kwa oili.

"Bado, mama," akasema.

"Nini?"

"Bado. Ilale nje."

"Meza hii ya nani?" Mama akauliza, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kukata bati.

"Meza ni yako, mama. Stata nimeitengeneza mimi. Haitoki."

"Unanijibu?"

Binti akapiga goti hapo hapo kwenye vumbi, mbele ya bampa. "Shikamoo, mama. Lakini ilale nje."

Ebo! Nilizima injini haraka kama mwizi. Kwenye upenu Mama Fundi alijifunika blanketi uso mzima, mabega yakimtikisika. Niliruka chini nikidhani mama wa watu analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka, kanishika mkono kwa ile mikono yake isiyotulia, ananiambia, "Umesikia, Dereva? Umeshuhudia? Ukawaambie. Vijiwe vyote, ukawaambie na hiyo."

Viazi vya watu vikalala Iringa.

Alfajiri ukungu ulikuwa umekaa kama mwaka ule. Binti akatoka, kitenge begani, akaweka kiganja kwenye boneti. "Mwagonile?" Nikabonyeza. Lori likashika mara moja. Binti akageuka kumtazama mama yake mlangoni, hakulipiga lile kofi, alikuwa anasubiri mama ndiye alipige. Mama hakusogea.

"Ndaga, fundi," akasema, na hakuwa anasema na lori wala na mimi.